Skrini ya bluu kila siku na kosa jipya: usinunue RAM nyingine kwanza

Mkuu, kwa maelezo yako mashine umeiunganisha mwenyewe: prosesa ya Ryzen 7000, vijiti vinne vya DDR5 vya GB 16, EXPO (mpangilio wa AMD wa kuipa RAM kasi kubwa) imewashwa kwenye kasi ya 6000, na kila baada ya saa moja au mbili inaleta skrini ya bluu yenye maneno tofauti. Anzia hapo kwenye "maneno tofauti". Draiva mbovu kwa kawaida hurudia kosa lile lile na kutaja faili lile lile. RAM isiyotulia huharibu chochote kilichohifadhiwa pale kwa wakati ule. Leo ni MEMORY_MANAGEMENT, kesho ni IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, keshokutwa kivinjari kinajifunga chenyewe. Kuna pia faili la zipu linalodai limeharibika, ukilifungua mara ya pili linakubali. Dalili hiyo ya zipu naiamini kuliko skrini ya bluu yoyote.

Usisasishe Windows wala kuhamisha mafaili ya maana mashine ikiwa katika hali hiyo. Kila kinachonakiliwa kinapita kwenye RAM, na kikiharibikia humo kinaandikwa kwenye diski kikiwa kimeshaharibika, bila onyo. Zima EXPO kwanza, ndipo unakili.

Namba 6000 iliyo kwenye boksi inawahusu vijiti peke yao. Kidhibiti cha RAM kimo ndani ya prosesa, na AMD kwa Ryzen 7000 wanakidhamini hadi 5200 ukiweka vijiti viwili, na hadi 3600 tu ukiweka vinne. EXPO, kama XMP ya Intel, ni ovakloki, yaani kuendesha kifaa kupita kasi iliyodhaminiwa, hata kama inawashwa kwa kubofya mara moja. Kwa hiyo vijiti vyako vinaweza kuwa vizima kabisa, ila prosesa imebebeshwa mzigo isiouweza. Na kama ni pakiti mbili za viwili viwili, hali inazidi kuwa ngumu: hata zenye namba moja ya modeli zinaweza kuwa na chipu za viwanda tofauti ndani, na hakuna aliyezipima zote nne zikifanya kazi pamoja.

Ingia BIOS (mipangilio ya mazabodi inayofunguka kabla ya Windows), rudisha mipangilio ya kiwandani, ambayo inazima EXPO, hifadhi, toka. Skrini itabaki nyeusi. Usiogope wala usichomoe umeme, maana mazabodi inazipima upya njia za RAM, na kwa GB 64 za DDR5 kazi hiyo inaweza kuchukua dakika kadhaa, wakati mwingine hata zaidi ya kumi. Wengi huzima hapo wakidhani mashine imekufa, upimaji unaanza upya, nao wanazunguka mle mle.

Ikiwaka, washa MemTest86+, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi. Programu ikikataa kuwaka, zima Secure Boot ndani ya BIOS. Iache izunguke mizunguko minne. Kwa GB 64 anza jioni uione asubuhi. Kosa moja tu linatosha kuwa jibu. Usijiambie kwamba moja si kitu.

Kama makosa yanatokea hata kwenye mipangilio ya kiwandani, zima mashine, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe, kisha toa vijiti vyote. Rudisha kimoja kwenye sloti ya pili kuhesabu kutoka kwenye prosesa, ile inayoandikwa A2. Kisukume hadi klipu ijifunge kwa mlio. Mazabodi nyingi zina klipu upande mmoja tu, na upande usio na klipu ndio huwa unabaki juu kidogo bila mtu kuona. Pima. Toa, weka cha pili sloti ile ile, pima. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na uandike kwenye karatasi. Kosa likimfuata kijiti, kijiti ndicho kibovu. Likibaki kwenye sloti hata ukiweka kijiti kilichofaulu, tatizo liko kwenye mazabodi au prosesa.

Zikigoma sloti zote mbili za chaneli moja (njia moja kati ya mbili za RAM kwenda kwenye prosesa: A1 na A2, au B1 na B2), usiilaumu mazabodi kabla ya kufungua kipozaji cha prosesa. AM5, soketi ya Ryzen 7000, ina pini kwenye soketi yenyewe, si kwenye prosesa. Pini moja iliyopinda inatosha kuua chaneli nzima. Mulika tochi kwa mshazari, mistari ya pini ionekane imenyooka. Pia kipozaji kilichokazwa upande mmoja kuliko mwingine hufanya prosesa isikae sawasawa. Kaza skrubu kwa kupishana, nusu mzunguko kila moja.

Lakini kwako natarajia mashine itatulia EXPO ikizimwa. Ikiwa hivyo, dawa ninayoiona bora ni vijiti viwili tu, A2 na B2, yaani sloti ya pili na ya nne. Kwenye mazabodi nyingi waya za kila chaneli zinaishia kwenye sloti hizo. Ukiweka kijiti kwenye ya kwanza au ya tatu, kipande cha waya kinachobaki kitupu kinarudisha mwangwi wa mawimbi ya umeme na kuyavuruga. Ukihitaji GB 64, pakiti ya viwili vya GB 32 inashinda vinne vya GB 16. Ukilazimika kubaki na vinne, anzia 3600 na upande hatua kwa hatua, ukipima kila hatua.

Sasisha BIOS kabla ya kugusa volti. Mwaka 2023 baadhi ya Ryzen 7000X3D ziliungua, na AMD wakaweka kikomo cha volti 1.30 kwa SoC (sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha RAM) kupitia BIOS mpya. Usikivuke. Kama hitilafu zinakuja hasa baada ya kuzima na kuwasha, zima pia Memory Context Restore ndani ya BIOS, inayotumia tena vipimo vya RAM vya zamani. Kuwaka kutachelewa, lakini RAM itapimwa upya kila mara.

MemTest86+ ikipita, bado. Kwenye kipimo hicho kadi ya grafiki haina kazi na boksi limepoa. Ndani ya Windows endesha programu ya kupima iitwayo TestMem5, au Prime95 kwa chaguo la Large FFTs, kwa saa kadhaa, kisha rudia huku kadi ya grafiki ikifanya kazi nzito. DDR5 ina kipimajoto ndani ya kijiti, na programu ya HWiNFO inakisoma. Makosa yakianza vijiti vikipita nyuzi 55 hivi, elekeza feni kwao kabla ya kupunguza kasi. Na usidanganyike na ECC (urekebishaji wa makosa) ya ndani ya chipu za DDR5: inarekebisha makosa yaliyo ndani ya chipu tu, haioni yanayotokea njiani kuelekea kwenye prosesa.

Mashine ikishatulia, Windows yenyewe huenda imeshaumia. Fungua Command Prompt kama msimamizi, endesha DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ikimaliza endesha sfc /scannow. Na kama kipimo kimekuonyesha kijiti kibovu, kwenye dhamana rudisha pakiti yote, pamoja na kile kizima, ili kitakachoziba pengo kisiwe cha chipu nyingine.