Swali la lugha: kusawazisha rangi au kusafisha picha?

Msomaji wa Ujiji, Kigoma, mwenye studio ndogo ya picha, anauliza: "Picha ikitoka na unjano au ukijani, huirekebisha kwa kompyuta na kumwambia mteja nimebalansi kala. Mwenzangu anasema Kiswahili chake ni kusafisha picha. Nani yuko sahihi?"

Sema kusawazisha rangi. Sawa tuliipata kwa Waarabu, rangi kwa Waajemi, na zote mbili ni wenyeji siku nyingi. Rangi zikishakaa sawa, hali hiyo iite urari wa rangi, kama washairi wasemavyo urari wa vina na mizani. Kubalansi kwako kutazoeleka au kutasahaulika, nami hakuninyimi usingizi.

Neno la mwenzako ndilo linaloninyima usingizi.

Zamani za filamu, kusafisha picha kulikuwa na haki yake. Filamu iliingia chumba cha giza, ikachovywa kwenye dawa, ikasuuzwa kwa maji, ikaanikwa. Leo hakuna dawa wala maji, na neno limehamia kwenye ngozi za watu. Mteja akisema "nisafishie", fundi anaelewa: fanya uso uwe mweupe. Kwani weusi ni uchafu tangu lini?

Shangazi yangu alipigwa picha hapo Ujiji, chini ya mwembe, saa sita mchana, mkononi chupa ya mawese. Jua lilipita kwenye majani, picha nzima ikaingia ukijani: kanzu ya mumewe kijani, uso wa shangazi kama wa mtu aliyelazwa. Tukaipeleka kwa fundi mmoja, akaisafisha. Alipandisha mwanga mpaka kanzu ikang'aa, na shangazi, ambaye ni maji ya kunde tangu azaliwe, akaletwa nyumbani na uso wa muhogo uliomenywa. Ukijani wenyewe ulikuwa palepale, umefifia tu. Na yale mawese! Mtu wa Kigoma huyajua mawese kwa macho kabla hajayaonja, mekundu, yakidondokea nguo doa halitoki. Kwenye picha ile yalikuwa maji ya machungwa yaliyoyeyukiwa na barafu. Shangazi akaitazama, akauliza, "Hii chupa ya nani?" Kuhusu uso wake hakuuliza neno. Iliniuma, na inaniuma hadi leo.

Kijana mwingine aliifungua picha ya awali kwenye GIMP, programu inayopatikana bure. Alichukua kile kialama chenye umbo la kidondoshea dawa ya macho, akabonyeza kwenye kanzu, yaani: hapa pasiwe na rangi yoyote. Programu ikapima kanzu ilivyozidi ukijani, ikaurekebisha picha nzima. Akamalizia kwa kusogeza kitelezi kidogo kutoka kijani kwenda majenta, yaani wekundu wa kizambarau, maana rangi hizo mbili hukabiliana, kama njano na bluu. Kanzu ikawa nyeupe, mawese mekundu, shangazi maji ya kunde.

Anayesawazisha ana kipimo nje ya mkono wake, nacho ni ile kanzu. Anayesafisha anaongozwa na maoni yake tu juu ya ngozi ya mwenzake. Ukumbini usiku ni vilevile: balbu ya waya ina joto la rangi, yaani kipimo cha rangi ya mwanga, la Kelvini 2,800 hivi, jua la mchana 5,500; namba ikiwa ndogo mwanga huwa wa njano zaidi, ndiyo maana picha za harusi hutoka na unjano. Unjano huo ni wa taa. Bibi harusi aliogeshwa, akasingwa, akapambwa. Hana uchafu wa kusafishwa na kompyuta.

Kama wapo wateja wanaotaka uso mweupe, kazi hiyo ina jina lake la Kiswahili: kupausha. Kwenye kibao chako cha bei andika mistari miwili, kusawazisha rangi na kupausha uso, kisha umwache mteja ataje kwa kinywa chake anachokitaka.