Faini za Firenze: jibu kwa mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Picha za barua ulizonitumia jana usiku nimezisoma zote, neno kwa neno. Wauliza kwa nini polisi wa manispaa ya Firenze wanakudai, ilhali kampuni uliyokodi gari ilishakukata euro 45 mara mbili kwenye kadi tangu Septemba. Tena wauliza kama ni kweli wasemavyo wenzako hapo Hamburg, kwamba barua kama hizi mtu huzitupa tu, kwa kuwa gari halikuwa lako na wewe hukai Italia.

Usizitupe. Namba ya gari iliyoandikwa ndiyo iliyo kwenye mkataba wako, na tarehe ni zile mlizokuwa huko na mkwe wangu. Ukitaka uhakika zaidi, nenda kwenye tovuti ya manispaa yenyewe, anwani uiandike kwa mkono wako, usibonyeze kiungo alichokuletea mtu.

Zile euro 45 si faini. Polisi humwandikia mwenye gari, na mwenye gari ni kampuni. Kampuni ikafungua mkataba wako, ikawapa jina na anwani yako, na kwa kazi hiyo ikajilipa. Kifungu kimo kwenye karatasi ulizotia sahihi uwanja wa ndege wa Pisa. Barua za polisi zilikuwa mbili, ndiyo maana ukakatwa mara mbili. Inauma, naelewa, lakini pesa hizo hazikupunguza deni la manispaa hata senti moja.

Kosa lenyewe ni kuingia ZTL, yaani Zona a Traffico Limitato, eneo ambalo gari lisilo na kibali haliingii kwa saa zilizowekwa. Miji ya kale ya Italia imejaa maeneo haya, kwa kuwa vichochoro vyake vilijengwa gari halijakuwapo duniani. Wewe umekulia pwani na Lamu umefika, waelewa mji wa namna hiyo. Alama yake ni duara jeupe lenye mzingo mwekundu, na juu yake mara nyingi pana ubao wa taa ulioandikwa "varco attivo". Hapo ndipo wageni wanapoponzwa na lugha. Varco ni mahali pa kupitia, attivo ni panafanya kazi, basi mtu hudhani njia i wazi. Maana yake ni kinyume: kamera zinafanya kazi, usipite. Ruhusa ni pale inaposema "varco non attivo". Hakuna kizuizi wala askari wa kukusimamisha, kwa hivyo mtu hupita asijue. Kwa anayekaa nje ya Italia wana siku 360 za kumfikishia hati, basi safari ya Agosti kuletewa barua Machi si kuchelewa.

Na kila kupita ni kosa peke yake. Wewe ulipita Ijumaa saa kumi na moja jioni, mkielekea hotelini, kisha Jumamosi saa nne asubuhi ukifuata ramani ya simu. Hizi mbili usizichukulie sawa.

Ya Jumamosi ilipe leo. Faini ni euro 83, lakini ukilipa ndani ya siku tano tangu kuipokea unapunguziwa asilimia 30, inakuwa 58.10, pamoja na gharama za kutuma zilizoandikwa chini. Umepokea Jumatatu, kwa hivyo mwisho ni Jumamosi hii. Usingoje siku ya mwisho, maana pesa za benki huchukua muda kufika. Kwenye sababu ya malipo andika namba ya hati na namba ya gari, la sivyo pesa zitaingia zisijulikane ni za nani.

Ya Ijumaa ngoja kidogo. Mgeni mwenye chumba ndani ya ZTL anaweza kuruhusiwa kufika hotelini, mradi hoteli ipeleke namba ya gari lake manispaa. Wasema uliwapa namba hiyo pale mapokezi. Mimi nimekaa kaunta ya hoteli hapa Malindi miaka mingi, na Kiitaliano changu chote nilikiokota kwa wageni pale. Najua karatasi ya mgeni inavyosahaulika zamu zikibadilishana. Waulize kama waliituma, na wakupe ushahidi. Wakikupa, usilipe, kata rufaa kwa Prefetto, yaani mwakilishi wa serikali kuu huko, ndani ya siku 60, haina ada. Ukilipa umeshakubali kosa, rufaa imekufa. Lakini bila ushahidi usijaribu, kwa sababu Prefetto akikukatalia, faini huwa angalau mara mbili ya ile 83. Hoteli isipojibu kufikia kesho jioni, lipa na hii pia upate lile punguzo.

Kuhusu hao wenzako: ukinyamaza siku 60, deni linapanda hadi euro 166 na gharama juu yake. Kisha Italia yaweza kuwaomba Wajerumani wakudai kwa niaba yake. Ofisi ya kazi hiyo iko Bonn, inaitwa Bundesamt für Justiz, na hushughulikia madai ya kuanzia euro 70 kutoka nchi nyingine za Umoja wa Ulaya. Labda wenzako waliotupa barua hawakufuatwa. Mimi sitaki wewe mwanangu, uliyehangaika miaka yote hiyo kupata karatasi zako huko, uishi ukishtuka kila posta inapogonga mlango.

Risiti ziweke miaka mitano, maana madai haya huchukua muda huo kufa kisheria. Zipige picha unitumie, nami nihifadhi nakala.

Ujumbe wa hoteli nimekuandikia kwa Kiitaliano, nimeutuma sauti na maandishi. Jaza namba ya gari na tarehe uliyoingia, uupeleke kabla hujaenda zamu. Wakijibu, usihangaike kutafsiri, niletee niusome.

Msalimie mkwe wangu.

Mama yako