Paka mwenye kisukari: nunua mchanga unaoganda

Mkuu, kwa ulivyoeleza, paka wako amegundulika ana kisukari, trei yake ya choo inalowa yote kila asubuhi, mkeo ni mjamzito, na unataka kujua uweke mchanga gani. Wadau waliotangulia wamekupeleka kwenye zile chenga nyeupe za silika kwa sababu zinanyonya sana na hazinuki. Mimi hapo nawapinga. Ninaye dume wa aina hiyo hiyo, amehasiwa na mnene (ndio wanaoongoza kupata huu ugonjwa), na ushauri wangu ni mchanga wa udongo wa bentonaiti unaoganda mabonge, usiotiwa manukato. Bei yake inauma, najua.

Sababu ni kwamba mkojo ndio habari yenyewe. Sukari kwenye damu ya paka ikipanda kupita kiasi cha 14 hadi 16 mmol/L, figo zinashindwa kuirudisha yote, inatoka kwenye mkojo na kuvuta maji pamoja nayo. Ndiyo maana anakojoa hovyo, halafu anakunywa maji kama hana akili nzuri. (Usimpunguzie maji hata siku moja eti trei ipumue. Utamkausha.) Insulini (dawa ya sindano ya kushusha sukari) ikianza kukaa sawa, mkojo unapungua, na hilo utaliona kwenye trei kabla hujaliona kwenye mwili wake. Kwangu mabonge yalikuwa ya ukubwa wa chungwa. Dozi ilipotulia yakarudi kuwa ya ndimu. Paka asiye mgonjwa hukojoa kama mara mbili hadi nne kwa siku, kwa hiyo hata kuhesabu tu kunakupa picha. Mimi huyapima kwenye mzani wa jikoni ule wa zamani, yakiwa kwenye mfuko, naandika kwenye daftari pembeni ya saa ya sindano. Dokta wa mifugo alilipenda lile daftari kuliko maelezo yangu yote. Ila dozi usiiguse mwenyewe kwa kuangalia mabonge. Hiyo ni kazi ya dokta na kipimo cha damu.

Sasa silika inakunyima hayo yote. Mkojo unazama, unapotea, na kwa paka wa kisukari chenga zinashiba mapema kuliko muda ulioandikwa kwenye mfuko, halafu siku moja unakuta dimbwi chini.

Maranda ya kwa mafundi seremala, yale wafuga kuku wanayotandika bandani, ni rahisi na Keko yamejaa. Kwa paka mzima sina ugomvi nayo, mradi hayatoki kwenye mbao zilizopakwa dawa. Kwa huyu wako yatalowa, yatatapakaa, na hutajua kama amekojoa mara mbili au sita. Mchanga wa kujengea nao unalowa chini na bonge linavunjika ukiligusa. Ile michanga ya paka inayotengenezwa kwa mahindi na ngano, kwa joto na unyevu wa Dar, sikushauri.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyekigusa ni sisimizi. Mkojo wenye sukari unanata. Unanata kwenye nyayo, kwenye ukingo wa trei, kwenye sakafu, na sisimizi wanajipanga mstari kutoka dirishani hadi hapo. Kwa hiyo zoa asubuhi na jioni, wakati ule ule wa sindano ili usisahau, na futa ukingo kwa kitambaa chenye maji ya moto na sabuni. Weka mchanga wenye kina cha vidole vinne hivi. Ukiwa mchache mkojo unafika chini na kugandamana na plastiki, utakwangua mpaka uchoke.

Trei yenyewe angalia. Kisukari kinaweza kuharibu mishipa ya fahamu ya miguu ya nyuma, ukaona paka anatembea kwa kulaza kisigino chini badala ya kusimama kwa vidole. Huyo hawezi kuruka ukingo mrefu, na akikojoa nje usimpige, hajakaidi. Mimi nilinunua beseni pana la plastiki nikakata upande mmoja kwa kisu cha moto, nikalainisha kingo kwa msasa. Anaingia kama anaingia sebuleni.

Siku dokta akitaka mkojo wa kupima, osha trei vizuri, iache kavu, weka kokoto ndogo safi za tangi la samaki badala ya mchanga. Hazinyonyi, unachovya kijiti cha kupimia moja kwa moja. Tafuta vijiti vinavyoonyesha sukari na ketoni pia (kemikali ambazo mwili hutoa ukichoma mafuta kwa kukosa insulini). Ketoni zikionekana naye hataki kula au anatapika, usisubiri kesho. Vivyo hivyo ukiona vibonge vidogo vidogo vingi, au anajikamua na hakitoki kitu: wa kwanza huenda ana maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo paka wa kisukari hupata kirahisi, na wa pili, kama ni dume, huenda ameziba, na hiyo inaua haraka.

Kuhusu shemeji: asizoe kabisa, wewe upo. Vimelea vya toksoplazma, vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, kama paka anavyo, vinahitaji kati ya siku moja na tano baada ya kutoka kwenye kinyesi ndipo viweze kuambukiza, kwa hiyo ukizoa kila siku unavitoa vikiwa bado havijafika huko. Vaa glavu, nawa. Paka asipewe nyama mbichi.

Na hayo mabonge usiyamwage chooni, yanavimba na kuziba bomba. Funga kwenye mfuko, peleka kwenye taka. Akianza insulini tuambie umepewa ipi, maana ile ya yuniti 40 na ile ya yuniti 100 kwa mililita zina sirinji tofauti, na hapo ndipo watu wengi wanapochanganya.