Nataka kubatizwa ukubwani: maswali yenu na majibu

Tumsifu Yesu Kristo. Wakatekumeni wapya, yaani watu wanaojiandaa kubatizwa, wameanza mafundisho katika parokia zetu za Kikatoliki, kuanzia Malindi mjini hadi Witu na Mpeketoni, na maswali yamekuja mengi. Nimechagua yale ambayo watu huniuliza kwa sauti ya chini baada ya somo, wenzao wakishatoka.

Mwalimu, mtoto mchanga hubatizwa akiwa na miezi michache tu. Mbona mimi mtu mzima naambiwa nisome mwaka mzima na zaidi? (Mama mwenye duka, Mpeketoni)

Mtoto hubatizwa katika imani ya Kanisa, na wazazi wake ndio wanaoahidi kumlea humo. Wewe, dada yangu, utaulizwa mwenyewe mbele ya watu kama unamkataa Shetani na kama unamwamini Mungu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Hakuna wa kukujibia. Kanisa linakupa muda kwa sababu linaliheshimu jibu lako.

Tena muda huo si wa kukaa nje ya mlango. Siku unapopokelewa kuwa mkatekumeni, unachorwa ishara ya msalaba kwenye paji la uso, na tangu hapo Kanisa linakuhesabu kuwa wa nyumbani mwake. Utajifunza Kanuni ya Imani, Amri za Mungu, sakramenti saba na namna ya kusali. Nenda pia kwenye jumuiya ndogo ndogo ya mtaani kwenu, maana mengine hufahamika ukiwaona Wakristo wakizika, wakisameheana na kuchangiana hospitali. Mwanzoni mwa Kwaresima utahesabiwa miongoni mwa wateule, yaani watakaobatizwa Pasaka hiyo. Dominika (Jumapili) ya 3, ya 4 na ya 5 zina Injili zilizowekwa kwa ajili yenu hasa: mwanamke Msamaria kisimani, mtu aliyezaliwa kipofu, na Lazaro kutoka kaburini. Kisha, usiku wa Mkesha wa Pasaka, unapewa Ubatizo, Kipaimara (sakramenti ya kuimarishwa na Roho Mtakatifu) na Ekaristi (Mwili na Damu ya Kristo) kwa pamoja. Mtoto mchanga hapati vyote hivyo kwa siku moja.

Wapo wanaotaka cheti cha ubatizo tu kwa kuwa ukumbi wa harusi umeshalipiwa. Siungi mkono kufupisha mafundisho kwa sababu hiyo. Harusi inaweza kusogezwa mbele.

Nilibatizwa baharini na kanisa la Kipentekoste hapa Malindi. Nitabatizwa tena? (Kijana wa bodaboda)

Ikiwa ulibatizwa kwa maji na kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, huo ni ubatizo wa kweli, na ubatizo haurudiwi. Tafuta cheti, au mtu aliyeshuhudia. Ukishafundishwa utaungama dhambi zako, utaikiri imani Katoliki, utapewa Kipaimara na kupokea Ekaristi. Lakini kama walitumia jina la Yesu peke yake, mweleze padri waziwazi, kwa sababu hapo jibu hubadilika.

Je, kabla ya ubatizo nitaungama maovu yote ya miaka arobaini? (Fundi seremala, Witu)

Hapana. Sakramenti ya Kitubio ni ya waliokwisha kubatizwa. Wewe jutia dhambi zako kwa moyo na uachane nazo; Ubatizo utaziondoa zote, hata zile unazoona haya kuzitaja. Ukianguka baadaye, hapo ndipo utakapokwenda kuungama.

Nina wake wawili, na wote wamenizalia. Sisi sote hatujabatizwa. Nifanye nini? (Mzee, karibu na Gongoni)

Mzee wangu, shikamoo. Swali hili ni zito na sitalipunguza makali. Kanisa linafundisha kuwa ndoa ni ya mume mmoja na mke mmoja, kwa hiyo huwezi kubatizwa ukaendelea kuishi na wote wawili kama wake zako. Anayetazamwa kwanza ni mke wa kwanza. Pale ambapo ni vigumu kweli kubaki naye, sheria ya Kanisa inaruhusu mtu akishabatizwa abaki na mmoja wa wale wengine, na ndoa hiyo ifungwe kwa utaratibu wa Kanisa.

Ila sheria hiyohiyo inataka jambo ambalo watu hulisahau: yule usiyebaki naye asitupwe. Haki na upendo vinadai apate mahitaji yake. Mwanamke aliyelima shamba lako na kukulelea watoto hawezi kuambiwa arudi kwao mikono mitupu ili wewe uingie kanisani ukiwa msafi. Watoto wanabaki wako, wote. Usimfukuze mtu kwanza ndipo uje kwa padri. Njoo kwanza, na wake zako nao wasikilizwe. Huenda safari yako ikawa ndefu kuliko ya wenzako, lakini mlango wa mafundisho, wa Misa na wa sala uko wazi tangu leo.

Majirani zangu Waislamu wananiuliza kama tunamwabudu Mariamu. Niwajibu vipi? (Mwalimu wa shule, Lamu)

Wajibu kwa upole kwamba tunamwabudu Mungu mmoja tu. Mariamu ni kiumbe. Tunamheshimu na kumwomba atuombee, kama unavyomwomba mama yako akukumbuke katika sala. Majirani zako nao wanamheshimu. Kurani ina Sura ya Maryam, na Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Pili wa Vatikano uliitaja heshima hiyo mwaka 1965 ulipozungumza juu ya Waislamu. Tofauti yetu iko kwa Yesu mwenyewe. Sisi tunamkiri kuwa Mungu kweli na mtu kweli, ndiyo maana Mtaguso wa Efeso, mwaka 431, ulimwita Mariamu Mama wa Mungu. Usiifiche tofauti hiyo, wala usiigeuze ugomvi mtaani.

Baba yangu anasema hii ni dini iliyoletwa na Wareno. (Binti, Malindi)

Wareno walifika Malindi mwaka 1498, kweli, na Mtakatifu Fransisko Ksaveri alipita hapa mwaka 1542 akielekea India. Lakini mwambie baba kwamba zaidi ya miaka elfu moja kabla yao, Afrika ilikuwa na wakatekumeni. Perpetua na Felisita wa Karthago walikamatwa wakiwa bado wanafundishwa, wakauawa kwa ajili ya Kristo mwaka 203. Augustino, mzaliwa wa Afrika Kaskazini, alibatizwa mtu mzima usiku wa Pasaka mwaka 387, baada ya miaka mingi ya kusitasita. Imani hii ina mizizi barani kwetu.

Nikifa kabla ya Pasaka? (Mama mgonjwa wa figo, Malindi)

Usiogope, mama. Kanisa linafundisha kwamba mkatekumeni anayekufa akitamani ubatizo, akijutia dhambi zake na kuwa na upendo, shauku hiyo humpatia wokovu hata kama maji hayakumfikia. Maziko yako yatakuwa ya Kikristo. Lakini kwa ugonjwa wako sishauri usubiri kimya. Mwambie padri sasa hivi. Anayo ruhusa ya kukubatiza mapema ikiwa hali ni ya hatari.

Mimi ni muuguzi. Mgonjwa akiomba ubatizo usiku na padri yuko mbali? (Watamu)

Mbatize wewe. Katika hatari ya kifo mtu yeyote anaweza kubatiza, hata asiyebatizwa, mradi akusudie kufanya linalofanywa na Kanisa. Hata Karoli Lwanga, shahidi aliyekuwa Mkristo wa kawaida na si padri, ndivyo alivyowabatiza Kizito na wenzake Uganda mwaka 1886, siku chache kabla ya kuuawa. Mwulize mgonjwa kama anaamini na kama anataka. Mmiminie maji safi kichwani huku ukisema: "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Kukipambazuka, pigia parokia simu ili jina lake liandikwe kwenye kitabu cha ubatizo, na akipona, mlete aendelee na mafundisho.