Kuku kalalia mayai 15, vimetoka vifaranga 4

Pole dada. Kuku wa kienyeji mayai 10 hadi 12 yanamtosha; hayo 15 uliyomwekea, mengine yalibaki nje ya mbawa yakapoa. Halafu hao kuku wenzake unaosema wanataga kwenye kiota hicho hicho ndio wanaokuvuruga hesabu ya siku 21 za kuatamia. Siku anapoanza kuatamia, yatie yote alama ya mkaa. Kesho yake ukikuta lisilo na alama, toa, kaanga. Siku ya 7 usiku yamulike kwa tochi ya simu: lenye mishipa myekundu mrudishie, linalong'aa tupu halina kitu. Zungushia mkono kanga lakini, wangu alinidonoa hadi damu. Kiotani nyunyiza majivu, maana utitiri ukizidi anahama.