Wanafunzi 64, wanaojibu ni walewale watano

SWALI: Nafundisha Fizikia Kidato cha Tatu katika shule ya kata, Moshi Vijijini. Darasa lina wanafunzi 64. Nikiuliza swali, mikono inayonyooshwa ni ya walewale watano. Waliobaki wananakili tu ubaoni. Nilianza kuwapa kalamu wanaojibu vizuri, ikasaidia wiki mbili kisha mambo yakarudi vilevile. Niwape motisha gani?

JIBU: Mwalimu, kalamu zisimamishe kwanza. Zawadi ya jibu sahihi inawaangukia walewale watano ambao wangejibu hata bure. Hao 59 wanajua mapema kwamba haiwahusu. Kinachowanyamazisha ni namna swali linavyoulizwa. Mtu anaweza kukaa kimya dakika 40 asipungukiwe na kitu, ilhali akijaribu na Kiingereza kikamponyoka, anachekwa. Mwenye akili atachagua kimya.

Kwa hiyo anza na swali lenyewe. "Mmeelewa?" huzaa "Ndiyooo" ya darasa zima na hujajua lolote. Uliza linalomlazimisha kila mmoja kuchagua upande. Kwa mada ya kuchemka, andika ubaoni: maharage ya gunia moja, sufuria zinazofanana, moja inachemka Moshi mjini, nyingine Marangu, kwenye geti la kupandia Mlima Kilimanjaro. Yapi yataiva mapema? A, mjini, B, Marangu, C, sawasawa.

Soma swali, kisha toa dakika moja ya kimya. Kila mtu aandike herufi na sababu ya mstari mmoja kwenye daftari, hata kama anabahatisha. Halafu dakika mbili azungumze na jirani yake, si zaidi. Ikifika ya nne wameshahamia kwenye mpira. Ndipo utaje jina. Andika majina yote 64 kwenye vipande vya karatasi ngumu, weka kwenye kopo tupu la Blue Band, chomoa kimoja. Aliyetajwa mrudishe koponi, la sivyo amemaliza kazi yake ya siku na atasinzia. Na jina lije baada ya swali: ukisema "Neema, kwa nini…" wengine 63 wameshapumua.

Ukishataja jina, subiri. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alipima jambo hili miaka ya 1970 na kukuta walimu wengi husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kuuliza tena au kujibu wenyewe. Waliposubiri tatu au zaidi, majibu yalirefuka na waliokaa kimya walipungua. Hesabu moyoni, sekunde tatu mbele ya darasa ni ndefu kuliko unavyodhani. Subiri tena baada ya jibu. Usilirudie wala kusema "vizuri" papo hapo, maana ukishahukumu hakuna atakayeendelea kufikiri. Sema tu, "Nani ana sababu tofauti?"

Hapo wengi watakwambia maharage ya Marangu yatachelewa kwa sababu ya baridi. Hilo ndilo kosa unalolitaka litoke nje. Waulize: tukiongeza kuni je? Maji yakishachemka, kuni za ziada huongeza mvuke tu, joto halipandi. Getini, karibu mita 1,900, kanieneo (presha) ya hewa ni ndogo, kwa hiyo maji huchemka karibu na nyuzi 94. Mjini ni kama 97, kwa hiyo maharage ya mjini ndiyo huiva mapema: jibu ni A.

Kuhusu lugha: mazungumzo ya jirani yaruhusu kwa Kiswahili. Mtihani uko kwa Kiingereza, kwa hiyo jibu la mwisho lijengwe hivyo, lakini mpe mwanzo wa sentensi ubaoni: "Water boils at a lower temperature because…" Anayecheka mwenzake, mpe yeye aimalizie. Kucheka hupungua haraka sana.

Swali moja la namna hii hula dakika kama saba. Yaweke mawili kwa kipindi, usijaze kipindi kizima. Muhtasari (silabasi) nao lazima uende. Mwishoni okota madaftari kumi bila kuchagua, usome ule mstari mmoja. Ikiwa mengi ni matupu, swali lilikuwa gumu mno au dakika haikutosha. Ikiwa yote yana herufi ileile na sababu ileile, lilikuwa jepesi, au wamenakiliana kabla hujaruhusu mazungumzo; kesho simama katikati ya safu wakati wa kuandika.