Nilimwita "zeruzeru wetu" kwa upendo

SWALI: Mimi ni msimamizi wa stoo ya vifaa vya ujenzi. Tumepata karani mpya mwenye ualbino, mchapakazi kweli. Siku ya kumtambulisha nikawaambia wenzake, "Huyu ndiye zeruzeru wetu, mtu asimguse!" Watu wakacheka, yeye akainama. Tangu siku hiyo ananijibu kwa mkato. Nia yangu ilikuwa kumkinga, na dini inatufundisha kuwa matendo huhesabiwa kwa nia. Nimekosa wapi?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Dini hiyo hiyo ya Kiislamu inamtaka aliyeua bila kukusudia atoe dia, yaani fidia ya damu, kwa wafiwa, na kafara ya toba juu yake. Hakuna anayemwita muuaji wa makusudi, ila deni liko palepale. Nia yako njema inakuondolea tuhuma ya chuki. Haikuondolei deni.

Unadhani kosa lako ni neno moja. Ni matatu. "Zeruzeru" linakuja na mzigo wa imani kwamba watu hawa si binadamu kamili, kwamba hawafi bali hupotea. "Wetu" linamfanya mali ya stoo. Ila zito kuliko yote ni hilo uliloliona la upole: "mtu asimguse." Hapo ni Mwanza. Kanda ya Ziwa ndiko watu wenye ualbino walikovamiwa na kukatwa viungo, hasa kuanzia miaka ya 2006 na 2007, na hadi leo wapo wanaopishana nao njiani wakinong'ona, "Dili hilo," yaani viungo vyao ni pesa. Wewe ulitania ulinzi, yeye alikumbushwa kwa nini anauhitaji, na watu wakacheka. Aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Mwombe radhi ana kwa ana, faragha, wala si kwenye kundi la WhatsApp la kazini. Sentensi tatu zinatosha: "Siku ile nilikuita zeruzeru na nikasema mtu asikuguse. Nilikosea. Sitarudia." Kisha nyamaza. Ukianza na "sikukusudia", atalazimika kukutuliza wewe, na hapo mkosewa ndiye atakayefanya kazi ya kubembeleza. "Samahani kama nimekukwaza" ni mbaya zaidi, maana hiyo "kama" inatia shaka kwenye maumivu yake. Soda usinunue. Muulize jambo moja tu: angependa usahihishe mbele ya wenzake, au yaishe hapo? Wengine hawataki kabisa jambo liamshwe tena, na hilo ni la kwake kuamua. Akichagua usahihishe, fanya kwenye kikao kijacho, kwa maneno machache, bila hotuba.

Na kama kweli unataka kumkinga, nia yako ina pa kwenda. Ngozi yenye upungufu wa melanini, ile rangi asili ya ngozi, huungua haraka na hupata saratani kwa urahisi, kwa hiyo kuhesabu mifuko ya saruji kwenye lori kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni kusifanyike juani. Hamishieni kivulini. Wengi wenye ualbino pia wana uoni hafifu, na hati za kupokelea mzigo huchapwa kwa herufi za sisimizi. Muulize anasoma vizuri saizi gani, 16 au 18, halafu zichapwe hivyo. Usimkisie.

SWALI: Jirani yangu mwenye ualbino huitwa "zeru" na nduguze, naye hucheka. Nikilitamka mimi ananuna. Si upendeleo huo?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Utani una kwenda na kurudi. Mnyamwezi akimrushia Mzaramo neno, Mzaramo naye analo lake la kurusha, zito vilevile, na wote wanajua hakuna atakayelala njaa wala kukosa kazi kwa ajili hiyo. Wewe jirani yako atakurudishia lipi lenye uzito huo? Ukilikosa la kulitaja, ujue hamjawa watani. Nduguze wamekesha naye hospitali na kumsindikiza shule. Kicheko chake kwao hakikuandikii ruhusa.

SWALI: Nilimwambia kijana mmoja "asiyesikia" badala ya "kiziwi", nikijua ndiyo heshima. Akaniandikia kwenye simu: "Mimi ni kiziwi." Sasa tushike lipi?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Shika alilokuandikia. Chama chao kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, na jina hilo walijipa wenyewe. Kwa upande mwingine kuna Chama cha Wasioona, kwa hiyo usidhani kanuni ya kundi moja inafaa kwa jingine. Ile ki- ya mwanzo isikutie hofu: upatanisho ni wa mtu, kiziwi amefika. Anayesema "kimefika" ndiye anayetukana. "Bubu" liache kabisa. Koo la kiziwi kwa kawaida halina kasoro yoyote, na mikononi mwake ana lugha kamili yenye sarufi yake.